Kasiksi ifike nganda ikiwa hai: mwongozo kwa anayenunua kwa wapika pombe wadogo wa Bukavu

"Kwa nini kasiksi ya Ijumaa inakuwa siki Jumapili?" "Bidoni imevimba usiku hadi ikapasuka, nimekosea wapi?" "Inakaa siku ngapi kwenye frigo?" Kila anayefungua nganda, yaani baa ndogo ya kuuzia kasiksi, pombe yetu ya ndizi, Kadutu, Bagira au Ibanda huuliza haya wiki za kwanza, na jibu analopewa karibu kila mara ni frigo. Frigo inasaidia, lakini inakuja mwishoni kabisa. Kasiksi nzuri ina siku tatu hivi tangu ilipoiva, nne ukiwa na mahali pa baridi na vyombo safi. Siku hizo zikiishia njiani au kwenye kona ya stoo, hakuna mashine itakayokurudishia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni juu ya kuagiza.

Nadharia ni fupi. Kasiksi haichemshwi baada ya kuchachuka, wala haitiwi dawa ya kuitunza. Hamira iliyomo inaendelea kula sukari ya ndizi na kutoa pombe na gesi. Wakati huohuo kuna vijidudu vingine vinavyosubiri hewa iingie ili vigeuze pombe kuwa siki. Joto linawaharakisha wote. Ukishika mambo matatu, yaani siku, hewa na joto, mengine yote hapa chini yatakuwa wazi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Bidoni (madumu) za lita 20 zilizo zako mwenyewe, seti mbili: moja iko kwa mama anayepika, nyingine iko nganda. Ziwe mpya au zilizobeba mafuta ya kula tu. Iliyowahi kubeba petroli, rangi au dawa ya shamba usiiguse hata ukiiosha mwezi mzima. Plastiki inakunywa harufu na sumu.
- Bidoni ndogo za lita 5, angalau nne kwa kila bidoni kubwa unayonunua.
- Faneli pana, chujio na kitambaa cheupe cha kuchujia.
- Javeli (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo) isiyo na manukato, sabuni na maji yaliyochemshwa.
- Skochi ya karatasi (utepe wa kubandika), kalamu nene na daftari. Daftari usilidharau.
- Beseni kubwa na magunia mawili, kwa siku ambazo SNEL imekata umeme.

Hatua ya 1. Hesabu unachouza

Kabla ya kumwendea mpika pombe yeyote, andika kwa wiki mbili umeuza vikombe vingapi kila siku. Bidoni ya lita 20 kwenye karatasi ni vikombe 40 vya nusu lita. Wewe hesabu 36, kwa sababu mashapo ya chini na povu hayalipwi na mtu. Ukiuza vikombe mia kutoka Ijumaa hadi Jumapili, unahitaji bidoni tatu, si tano. Anayeanza huogopa kuishiwa, ananunua tano, kisha Jumatatu anawauzia wateja siki na kuwapoteza. Kuishiwa Jumapili saa mbili usiku si aibu. Mteja aliyekosa leo atakuja mapema wiki ijayo.

Hatua ya 2. Tafuta wapika pombe wawili

Kasiksi ya mji huu inatoka Kabare, Walungu, Kalehe na kisiwa cha Idjwi, na nyingine inapikwa humuhumu mjini kwa ndizi zilizoshushwa kutoka huko. Ya ziwani utaikuta Beach Muhanzi pamoja na mizigo mingine ya boti. Usianze kwa kununua hapo. Ya sokoni imeshapita mikono miwili au mitatu, na anayekuuzia hajui ilikamuliwa lini, au anajua na hatakwambia. Iulizie ilikotoka, kisha uende huko.

Ukifika, angalia mambo haya kabla hujataja bei: maji anayotumia yanatoka wapi, vyombo vyake vinaoshwa na kukaushwa wapi, na mtumbwi wa mbao wa kuchachushia unafunikwa na nini. Mwombe umwangalie akikamua siku moja. Mama anayejua kazi hakatai, na utajifunza mengi kuliko hapa.

Chagua wawili, wasiwe majirani. Mmoja akipata msiba, mvua ikikata barabara au ndizi zikikosekana, mwingine atakushikilia. Wape oda kwa zamu ili wote wabaki wauzaji wako na wewe mteja wao.

Hatua ya 3. Agiza kabla ndizi hazijaingia shimoni

Hapa ndipo wengi wanapoharibu bila kujua. Wanapiga simu Alhamisi wakitaka kasiksi ya Ijumaa. Mama hana kasiksi ya Ijumaa. Ana ile aliyomkamulia mtu mwingine Jumatatu, na kwa kuwa hataki kukukosa, atakupa hiyo.

Hesabu kinyumenyume. Mikungu ya ndizi za pombe hukatwa ikiwa imekomaa, huzikwa kwenye shimo lililotandikwa majani ya mgomba na kufunikwa, au huwekwa juu ya meko, na hukaa humo siku nne hadi sita ziive pamoja. Kisha zinamenywa, zinapondwa pamoja na nyasi, maji ya ndizi yanakamuliwa na kuchujwa, yanapunguzwa kwa maji kidogo, yanatiwa unga wa mtama uliokaangwa, yanafunikwa. Kuchachuka kunachukua siku moja na nusu hadi mbili, na huko milimani kwenye baridi kunaweza kufika tatu.

Kwa hiyo kasiksi ya kuuza Ijumaa jioni imekamuliwa Jumatano asubuhi, na ndizi zake zimeingia shimoni Ijumaa iliyotangulia. Oda yako ilipaswa kumfikia mama Alhamisi ya wiki iliyopita. Ukizoea kumpigia simu kila Alhamisi kwa ajili ya wiki inayofuata, umeshamaliza nusu ya tatizo la upya wa pombe yako.

Siku ya kukamua, mpigie tena na umuulize swali moja: "Mama, mtama umeuweka saa ngapi?" Andika saa hiyo kwenye daftari. Huo ndio umri wa kasiksi yako, wala si siku ilipofika kwako.

Hatua ya 4. Patana juu ya pesa, maji na vyombo

Toa avansi (malipo ya awali) ya ndizi. Mama asipokuwa na pesa ya kununua mikungu mapema, atanunua michache siku ya mwisho na kujazia kwa maji na sukari. Usimbane bei mpaka akose faida, kwa sababu faida hiyo ataitafuta kwenye kisima. Wazee walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi naongeza kwamba akinyonywa hulitia mengi zaidi.

Maji ya kupunguzia yawe yamechemshwa. Kipindupindu kinarudirudi kando ya ziwa letu, na pombe ya kasiksi si kali kiasi cha kutegemea kwamba itaua kilichomo. Huku juu, mji ukiwa kwenye mita 1,500 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 tu. Yaache yatokote dakika tatu kamili, yapoe yakiwa yamefunikwa. Kama kuni ni shida kwake, changia kuni. Ni rahisi kuliko kufungiwa nganda.

Patana pia kwamba kasiksi yako inaingia kwenye bidoni zako tu, zenye alama ya rangi yako.

Hatua ya 5. Osha bidoni kana kwamba ya jana ilikuwa mbaya

1. Suuza kwanza kwa maji mengi mpaka harufu ya kasiksi ya zamani iishe kabisa. Usitie javeli kwenye bidoni yenye mabaki ya siki. Javeli ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu, na mdomo wa bidoni uko usoni pako.
2. Tia maji ya moto kiasi, sabuni na vipande vya kitambaa safi, funga, tikisa kwa nguvu. Usitumie mchanga wala kokoto. Najua ndivyo wengi wanavyoosha, lakini kokoto zinachora plastiki ndani, na kwenye michoro hiyo vijidudu vya siki vinakaa mahali ambapo sabuni haifiki.
3. Suuza. Kisha tia javeli, kijiko kimoja kikubwa kwa lita nne za maji baridi. Zungusha iguse kila upande, pamoja na kifuniko. Acha dakika kumi.
4. Mwaga, suuza kwa maji yaliyochemshwa, pindua mdomo chini ikauke. Bidoni iliyofungwa ikiwa na unyevu inaanza kuoza upya kesho yake.

Bidoni ikishika harufu isiyotoka baada ya haya yote, ipe kazi ya kuchota maji ya kudekia.

Hatua ya 6. Onja kabla ya kulipa

Nenda mwenyewe, au mtume mtu anayejua ladha na asiyeona haya kukataa. Mimina kidogo kwenye glasi ya kioo, siyo kikombe cha plastiki, uone.

Nzuri ina rangi ya udongo mwepesi, ina ukungu, ina povu jembamba linalokaa kidogo. Inanukia ndizi na mtama uliokaangwa. Ulimini inaanza na utamu, inafuatwa na uchachu mdogo, inamaliza na ukavu.

Ikiwa tamu kama juisi, bado haijaiva. Inaweza kununuliwa, lakini ujue itaendelea kufanya kazi ndani ya bidoni, kwa hiyo iache ipumue na usiiuze siku hiyohiyo. Ikikwangua koo kwa uchachu, ni ya juzi. Ikinuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, kataa bila mjadala. Ikiwa nyepesi, haina harufu ya ndizi na utamu wake uko peke yake, imejazwa sukari na maji.

Kuna jaribio dogo la kujua kama bado inachachuka kwa nguvu: jaza chupa ya plastiki ya nusu lita, ifunge, iache dakika kumi, kisha ibonye. Ikiwa imekuwa ngumu, hamira bado ina njaa.

Hatua ya 7. Isafirishe ikiwa inapumua

Usijaze bidoni hadi mdomoni. Acha nafasi ya vidole vinne. Kifuniko kikaze kisha ukilegeze robo mzunguko, ufunike juu na kitambaa kilichofungwa kwa uzi. Gesi itoke, vumbi lisiingie. Bidoni iliyokazwa kabisa, ikipigwa jua nyuma ya pikipiki kutoka Walungu, inavimba, na anayeifungua kwa haraka anaoga.

Safiri asubuhi au jioni. Funika kwa gunia lililoloweshwa.

Hatua ya 8. Ipumzishe, kisha igawe

Ikifika, iweke chini mahali pa baridi, bila kuisogeza, saa tatu au nne. Mashapo yatashuka na povu litatulia. Anayeiuza ikiwa imetoka kushuka kwenye pikipiki anauza tope na gesi, kisha analaumu mama.

Baada ya hapo fanya jambo ambalo nganda nyingi hazifanyi: mimina taratibu, kupitia chujio, kutoka bidoni kubwa kwenda bidoni ndogo za lita 5, zijae karibu kabisa, ukiacha mashapo nyuma. Faneli ifike chini ili pombe isirukeruke na kumeza hewa. Bandika skochi kwenye kila moja: jina la mpika pombe, siku na saa ya mtama.

Sababu ni hewa. Ukichota kwenye bidoni kubwa, kila kikombe kinachotoka kinaacha nafasi ya hewa kuingia, na vikombe kumi vya mwisho vimekaa na hewa siku nzima. Ukiigawa, unafungua lita 5, unazimaliza, nyingine zote hazijaguswa.

Huko Uingereza wenye baa wana tatizo hilihili na bia yao hai, ile inayomalizia kuchachuka ndani ya pipa kwenye ghala la chini. Pipa likishafunguliwa na hewa kuingia, wanajitahidi liishe kwa siku tatu hivi, na ghala wanaliweka kwenye nyuzi 11 hadi 13. Wanywaji wa huko waliona bia hiyo inatoweka mbele ya bia za viwanda vikubwa, wakaanzisha chama cha kuitetea, CAMRA, mwaka 1971. Baa yenye wateja wachache inaagiza pipa dogo, linaloitwa pin, la lita 20 na nusu. Yaani bidoni yetu. Basi kama wao wenye ghala la baridi hawaagizi pipa kubwa wasiloweza kulimaliza, wewe wa Kadutu usijidanganye.

Frigo ikiwepo, weka bidoni ndogo humo, vifuniko vikiwa vimelegea kidogo. Isipokuwepo, au umeme ukikatika, zisimamishe kwenye beseni la maji, zifunike kwa gunia bichi ambalo ncha zake zinagusa maji, pahali penye upepo na kivuli. Maji yanapokauka kwenye gunia yanachukua joto. Usiku wa Bukavu utakusaidia. Jua la saa nane mchana halitakusaidia, basi gunia lisikauke.

Hatua ya 9. Uza kwa mpangilio, na uwe na siku ya mwisho

Ya zamani itoke kwanza. Usichanganye kamwe mabaki ya jana na ya leo: kikombe kimoja cha siki kinatosha kuambukiza bidoni nzima. Onja kila asubuhi kabla ya mteja, na baada ya siku ya tatu tangu ilipoiva uwe mkali. Ya siku ya nne ambayo ukiionja bado inanyweka, punguza bei na useme wazi kwamba ni kali. Wazee wengine huipenda hivyo. Ya siku ya tano usiiuze kama kasiksi.

Na chupa za kiwandani je?

Hizi ni rahisi zaidi, kwa hiyo nitapita haraka. Bia ya chupa imepashwa moto kiwandani ili kuua hamira, inakaa miezi, lakini nayo inazeeka: ikikaa joto na muda mrefu inapata ladha ya karatasi ngumu iliyolowa. Juni 2025 Heineken, wakati huo mwenye kampuni ya bia ya Bralima, ilitangaza kwamba imepoteza udhibiti wa mali zake za Bukavu na Goma. Unapochukua kasie (kreti) depo, usidhani kwamba chupa imetoka jirani wiki iliyopita. Soma tarehe kwenye chupa tatu za kila kasie, za juu na za chini, kabla ya kutoa vidanji (chupa tupu) vyako.

Kasie zisikae juani mbele ya nganda kama pambo. Mwanga wa jua ukigusa hopu za bia unatoa harufu mbaya ya kicheche, na kwa chupa ya kijani au nyeupe inatokea kwa dakika chache. Chupa ya kahawia inakinga zaidi, ila haikingi joto.

Lile neno kwamba bia ikipoa, ikapata joto, ikapoa tena imekufa, lisikutishe. Umeme ukikatika usiku mmoja bia haiharibiki. Kinachoiharibu ni joto kali la siku nyingi. Ila isigande: chupa itapasuka.

Matatizo yanayorudi

*Inakuwa siki siku ya pili.* Angalia daftari kwanza. Kama saa ya mtama ni ya siku nne zilizopita, uliuziwa ya zamani. Kama saa ni sahihi, tatizo ni bidoni. Nunua mpya moja, tia nayo kasiksi ileile, linganisha.

*Haina povu kabisa.* Imekaa wazi mno, au imekwisha kuchachuka siku nyingi. Ukifunga bidoni ndogo kwa kukaza saa mbili tu kabla ya kuuza, itarudisha gesi kidogo kama hamira bado iko. Usilale nayo ikiwa imekazwa.

*Inateleza, inavutika kama uzi.* Ni vijidudu vingine. Mwaga, osha kila kitu kwa javeli, na umwambie mama aangalie mtumbwi wake wa mbao, hasa nyufa. Auchome kwa maji yanayochemka na kuuanika juani.

*Wateja wanaumwa tumbo.* Acha kuuza siku hiyohiyo. Uliza maji, angalia vikombe vinavyosuuzwa kwenye ndoo moja tangu asubuhi. Mara nyingi ndoo hiyo ndiyo yenye kosa.

*Mteja anataka iwe kali zaidi.* Mwuzie kikombe cha pili. Usiongeze lutuku (gongo) ndani. Hujui kilichomo kwenye lutuku ya mtu, na ile iliyotengenezwa vibaya inapofusha na kuua.

*Ladha imebadilika ingawa mama ni yuleyule.* Uliza ndizi. Mnyauko wa migomba umetembea sana Kivu tangu ulipoonekana Masisi mwaka 2001. Mgomba ulioshikwa unaivisha ndizi kabla ya wakati, bila usawa, na ukiikata ndani unaona madoa ya kahawia. Maji yake ni machache na machungu. Ugonjwa huo haumdhuru mnywaji, lakini kasiksi yake hainyweki kwa raha. Mama akikwambia wiki hii mikungu mizuri haipo, mshukuru kwa kusema, mwachie avansi yake kwa ajili ya wiki ijayo, na umpigie yule wa pili.